Ndege Iliyoruhusu Kosa: Tiger Moth na Elimu ya Urubani kati ya Vita Kuu Mbili



Historia ya ndege za kijeshi imezoea kuandikwa kwa kufuata kasi. Mwandishi huanza na ndege dhaifu za mwaka 1914, akapanda ngazi ya nguvu za injini mwaka hadi mwaka, akafika kwenye Spitfire na Messerschmitt, na hapo akaona amemaliza kazi. Kwa kipimo hicho ndege ya kufundishia haina nafasi. De Havilland Tiger Moth, ambayo ndiyo mada yangu leo, haikuvuka kilomita 175 kwa saa hata ikisukumwa kwa nguvu zote za injini yake, na iliingia jeshini mwaka 1932 ikiwa na mabawa ya tabaka mbili, nguzo na waya, wakati ambapo wahandisi wengi walikwisha kuona kwamba mustakabali ni wa bawa moja la chuma. Vitabu vingi huipa aya mbili tatu za mapenzi, kisha huendelea na safari. Naona hilo ni kosa la kihistoria. Ndege hii ni nadharia ya ualimu iliyoundwa kwa mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Umbo lake na matumizi yake yaliongozwa na swali moja: mwanafunzi aachwe akosee kiasi gani, na afanyiwe nini ili abaki hai baada ya kukosea? Uingereza ilikuwa na marubani mwaka 1940 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, swali hilo lilikuwa limepata jibu la kutosha miaka mingi kabla ya vita.

Jibu hilo halikuanzia kiwandani. Lilianzia Gosport, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1917, na aliyelitoa ni Meja Robert Smith-Barry. Huyu alikuwa ameongoza kikosi cha 60 nchini Ufaransa mwaka uliotangulia, na alipokea kutoka nyumbani marubani waliokuwa na saa chache mno za kuruka, wengine hawakuweza hata kuitua ndege kwa uhakika, seuze kupigana nayo. Mafunzo ya wakati ule yalijengwa juu ya kukwepa. Mwanafunzi alipelekwa angani kwenye ndege nzito za Farman, mara nyingi akishika usukani kwa kupitisha mkono juu ya bega la mwalimu, na aliagizwa asipinde sana, asiinue pua sana, asicheze na upepo. Jambo lililoogopwa kuliko yote ni pale bawa moja linapoishiwa na uwezo wa kubeba kabla ya jingine, ndege ikaanguka huku ikijizungusha kama pia. Wengi waliamini kwamba ukishaingia humo hutoki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa angani mwaka 1916 ulikuwa mwalimu asiyetoa nafasi ya pili.

Smith-Barry aligeuza mambo juu chini. Alimweka mwanafunzi kwenye kiti cha rubani tangu siku ya kwanza, akampa usukani kamili, na mwalimu akawa na wake. Aliwataka walimu wawapeleke wanafunzi ndani ya kila hatari waliyokuwa wakikatazwa, mpaka wajue kwa mikono yao jinsi ya kutoka. Wakati uleule Frederick Lindemann, mwanafizikia wa Farnborough, alikuwa akiingiza ndege kwenye mporomoko ule wa mzunguko kwa makusudi na kupima kinachotokea. Akathibitisha kwamba kuna njia ya kutoka: sukuma usukani wa mkia kinyume cha mzunguko, peleka fimbo mbele, subiri ndege ikusanye kasi, kisha inua. Siri ya kifo ikawa somo la asubuhi. Chombo kilichobeba mafunzo haya kilikuwa Avro 504, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1913 na ambayo zaidi ya 8,000 zilijengwa wakati wa vita vile. Ilikuwa nyepesi, ilitii haraka, na ilionyesha kosa papo hapo. Mpira wa kuzungumzia uliounganisha mdomo wa mwalimu na masikio ya mwanafunzi ulibeba jina la Gosport kwa miongo kadhaa baadaye.

Basi Jeshi la Anga la Uingereza lilipoingia miaka ya 1920 lilikuwa na mbinu nzuri ya kufundisha na mkoba mtupu. Serikali ilipanga matumizi ya ulinzi kwa kudhania kwamba hakungekuwa na vita vikubwa ndani ya miaka kumi, dhana iliyodumu tangu 1919 hadi 1932. Avro 504 ikaendelea kutumika, ikabadilishwa injini, ikazeeka. Mrithi wake rasmi, Avro Tutor, alikuwa na mifupa ya chuma na injini ya Lynx yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Ilikuwa ndege bora, lakini ilikuwa ya gharama, na ingefaa tu pale ambapo wanafunzi ni wachache. Jibu la kufundisha watu wengi lilitoka upande mwingine kabisa, upande wa raia waliotaka kuruka siku ya Jumapili.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana bila historia hii ya kiraia Tiger Moth haieleweki. Mwaka 1925 Geoffrey de Havilland, kwenye kiwanja chake cha Stag Lane kaskazini mwa London, alirusha ndege ndogo ya viti viwili aliyoiita Moth. Kilichoiwezesha ni injini. Ghala la mabaki ya vita lilikuwa limejaa injini za silinda nane za asili ya Renault, na mhandisi Frank Halford alichukua safu moja ya silinda nne kutoka humo, akaiundia mwili mpya, akapata injini ya Cirrus yenye nguvu za farasi 60. Miaka mitatu baadaye Halford alikamilisha injini mpya kabisa, Gipsy, na Gipsy Moth ikawa ndege ya vilabu vya urubani duniani kote. Ilifika hata kwetu: kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilianza kazi na ndege ya aina hiyo. Kufikia 1930, kwa hiyo, Uingereza ilikuwa na ndege nyepesi inayojulikana na mafundi, inayolazwa kwenye banda dogo kwa kuikunja mabawa, na ambayo imekwisha kufundisha watu ambao si wanajeshi, wenye vipaji vya kila namna. Jeshi halikuibuni. Jeshi liliiomba ibadilike.

Na badiliko lililoombwa ndilo ushahidi wangu mkubwa. Kwenye Moth ya kawaida mwalimu alikaa kiti cha mbele, chini ya tangi la mafuta lililobebwa na bawa la juu, akiwa amezungukwa na nguzo fupi na waya. Vita vya kwanza vilipiganwa bila marubani wa ndege wa Uingereza kupewa miavuli ya kuokolea maisha. Katikati ya miaka ya 1920 msimamo huo ulibadilika na kila rubani akaanza kuukalia mwavuli wake. Lakini mwavuli haukuwa na faida kwa mtu asiyeweza kutoka kwenye kiti. Mwalimu wa Moth, akiwa na mavazi mazito na mzigo ule nyuma ya mapaja, angejipenyeza vipi kati ya nguzo zile huku ndege ikizunguka? Wizara ya Anga ikataka njia ya kutokea. Watu wa Stag Lane wakasogeza sehemu ya kati ya bawa la juu mbele, takriban nusu mita, ili nguzo na tangi viondoke juu ya kichwa cha mwalimu. Bawa liliposogea, mizani ya ndege iliharibika. Ili kuirudisha, waliyapinda mabawa yaelekee nyuma. Mabawa yaliyopindwa nyuma yakasogeza ncha za chini karibu na ardhi, wakayainua. Hatua moja ilizaa nyingine, wakijaribu na kupima, mpaka ndege ikapata lile umbo la mabawa yaliyolala nyuma ambalo mpenzi yeyote wa ndege hulitambua kwa mbali. Tarehe 26 Oktoba 1931 Hubert Broad aliirusha kwa mara ya kwanza. Watazamaji wa leo huona urembo katika mabawa yale. Chanzo chake ni hesabu ya kumwokoa mwalimu.

Yapo mambo mengine ya umbo lake yanayosema vivyo hivyo. Injini ya Gipsy ilikuwa imegeuzwa, silinda zikatazama chini, hivyo pua ya ndege ikashuka na anayejifunza akaona mbele vizuri zaidi. Toleo la pili, lililokuja na injini ya Gipsy Major ya nguvu za farasi 130, lilibadilisha kitambaa cha mgongo wa nyuma kwa mbao nyembamba, na likapewa kifuniko cha turubai kilichomfunika mwanafunzi katika kiti cha nyuma ili ajifunze kuruka kwa kusoma vipimo bila kuona nje. Kwenye ncha za bawa la juu palikuwa na vipande vya Handley Page vilivyofunguka vyenyewe kasi ilipopungua mno, ili ndege ichelewe kuanguka upande mmoja. Mwanafunzi alipotumwa peke yake alibaki kiti chake cha nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa karibu na kitovu cha uzito; mwalimu akishuka, mizani haikuharibika. Ndege tupu ilikuwa na uzito wa kilo 506 hivi. Haikuwa na umeme, haikuwa na breki, na injini iliwashwa kwa mtu kuzungusha pangaboi kwa mikono.

Sasa tuiangalie angani. Walioirusha Tiger Moth wamerudia kauli moja kwa vizazi: ni rahisi kuirusha, ni vigumu kuirusha vizuri. Vibawa vidogo vya kuinamishia ndege vilikuwa kwenye mabawa ya chini peke yake, vizito, na vilivuta pua upande usiotakiwa pale rubani alipoanza kupinda. Mwanafunzi aliyesahau miguu yake kwenye kanyagio za usukani wa mkia aliadhibiwa mara moja, kwa sababu ndege ilienda kombo na upepo ukampiga shavu moja. Hakuhitaji kupigiwa kelele na mwalimu. Shavu lilitoa taarifa. Aliyetua kwa kasi kubwa aliona ndege inadunda na kuelea tena, kwani mabawa manne yalikuwa bado yana hamu ya kuruka. Aliyetua kwa kasi ndogo aliangushwa chini kwa kishindo, lakini kishindo cha ndege ya nusu tani ambayo magurudumu yake yalijengwa kustahimili majani na mashimo. Kosa lilionekana, likahisiwa, na mara nyingi likasameheka. Mambo hayo matatu kukutana mahali pamoja ndiyo thamani ya ndege ya kufundishia. Chombo kinachoficha kosa humdanganya mwanafunzi, na kisichosamehe humuua.

Pingamizi la kwanza ambalo msikilizaji makini atalitoa ni kwamba ninaipa falsafa ndege ambayo ilikuwa nafuu tu. Vibawa vizito vile, atasema, havikuwekwa na mtaalamu wa elimu; vilirithiwa kutoka Moth ya kiraia kwa sababu kuweka seti moja ni rahisi kuliko kuweka seti mbili. Nakubali sehemu kubwa ya hilo. Sidai kwamba kuna mtu aliyekaa mezani Stag Lane akaandika kwamba ndege iwe na tabia ya kuvuta pua ili wanafunzi wateseke kidogo. Ninachodai ni kwamba walimu wa Jeshi la Anga, waliolelewa katika mbinu ya Gosport, walipewa ndege yenye tabia hizo, na badala ya kuzilalamikia ziondolewe wakazigeuza masomo. Tena, unafuu wenyewe ni sifa ya ualimu. Mwalimu akijua kwamba bawa lililovunjika linatengenezwa kwa mbao, gundi na kitambaa kwenye karakana ya kiwanjani, huthubutu kumwacha mwanafunzi afikishe kosa lake mwisho kabla ya kumpokonya usukani. Ndege ya gharama kubwa humfanya mwalimu mwoga, na mwalimu mwoga hurudi kwenye mafunzo ya kukwepa.

Ushahidi wa nje unaimarisha hoja hii. Mataifa yaliyokuwa na viwanda tofauti, bajeti tofauti na siasa zilizochukiana yalifika karibu mahali pamoja ndani ya miaka kumi. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na U-2 ya Nikolai Polikarpov, iliyoruka Januari 1928 na injini ya nguvu za farasi 100, nayo ikajengwa kwa makumi ya maelfu kwa ajili ya shule za jeshi na vilabu vya vijana. Italia ilikuwa na Caproni Ca.100, iliyotokana na Moth yenyewe kwa leseni. Ubelgiji ilitoa Stampe SV.4 mwaka 1933, Marekani ikatoa Stearman mwaka 1934, na Japani ikawa na ndege zake za tabaka mbili zilizopakwa rangi ya chungwa ili zionekane kwa mbali. Ingekuwa unafuu peke yake ndio sababu, Marekani isingekuwemo katika orodha hii. Kilichowakutanisha wote ni aina ya mwanafunzi: kijana ambaye hajawahi kuruka, anayehitaji kasi ndogo, bawa pana, na muda wa kufikiri.

Ujerumani inastahili kusemwa peke yake, kwa sababu inaleta pingamizi zito zaidi. Bücker Jungmann, iliyoruka mwaka 1934 na kuchorwa na Msweden Anders Andersson, nayo ilikuwa ya tabaka mbili na mabawa yaliyopindwa nyuma. Lakini ilikuwa na vibawa vya kuinamishia kwenye mabawa yote manne, na ilitii mkono kwa wepesi ambao Tiger Moth haikuufikia hata siku moja. Marubani wa leo waliorusha zote mbili huipenda Jungmann zaidi, na wana haki. Je, ndege bora haikupaswa kutoa marubani bora? Mwanzoni ilitoa, marubani wa Ujerumani wa mwaka 1940 walikuwa wamefunzwa vizuri sana. Kilichowaangusha wenzao waliokuja baadaye hakikuwa ndege. Majira ya baridi ya 1942 na 1943 walimu wa shule za kuruka kwa vipimo walichukuliwa pamoja na ndege zao kwenda kubeba mizigo Stalingrad, mafuta yakawa haba, saa za mafunzo zikakatwa, kisha zikakatwa tena. Mfano huu unanilazimisha niiwekee hoja yangu mipaka, nami nafanya hivyo bila kinyongo: ndege ya kufundishia ina thamani ndani ya mfumo unaowaachia walimu muda, na nje ya mfumo huo hata Jungmann ni mbao na kitambaa.

Pingamizi la pili linahusu bawa lenyewe. Kufikia 1937 Uingereza ilikuwa na Miles Magister, ndege ya kufundishia ya mbao, ya bawa moja, yenye breki na vibawa vya kupunguzia kasi wakati wa kutua. Hurricane ilikuwa inaingia vikosini mwaka uleule, na Spitfire ikafuata mwaka 1938. Kwa nini basi kijana atakayeshika injini ya nguvu za farasi zaidi ya 1,000 afundishwe kwenye chombo chenye waya kati ya mabawa? Kwanza niseme wazi kwamba Magister ilifanya kazi nzuri na zaidi ya 1,300 zilijengwa. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba idadi ya mabawa haikuwa kiini cha jambo, na yeyote anayetetea mabawa mawili kwa ajili ya mabawa mawili anatetea mapambo. Lakini pingamizi hili hudhania kwamba mwanafunzi aliruka kutoka Tiger Moth moja kwa moja hadi Spitfire. Haikuwa hivyo. Katikati palikuwa na ngazi nyingine: Harvard, iliyoagizwa Marekani mwaka 1938, Miles Master, na kwa wale wa ndege za injini mbili, Airspeed Oxford. Huko ndiko alikojifunza magurudumu ya kukunjwa, pangaboi la kubadilishwa pembe, na kasi. Hatua ya kwanza ilikuwa na kazi yake, nayo ni kumpa mwanafunzi hisia ya hewa kabla hajapewa vyombo vya kuishinda. Kujaza kila kitu kwenye hatua ya kwanza kungemfanya atazame vishikio badala ya upeo wa macho.

Ningekosa uaminifu kama ningepita bila kutaja mwaka 1941. Ndege iliyosifiwa kwa kufundisha mporomoko wa mzunguko yenyewe ilianza kuwa nzito kutoka humo. Miaka ya huduma ilikuwa imeiongezea vitu. Hofu ya kuvamiwa mwaka 1940 ilikuwa hata imesababisha Tiger Moth zitengenezewe vishikilio vya mabomu madogo manane, mpango ambao kwa bahati njema haukuhitajika kutimizwa. Baada ya majaribio, ndege nyingi ziliongezewa vipande virefu vya bapa kwenye mgongo, mbele ya mkia, ili hewa isaidie kuuzuia mzunguko, na uzani fulani ukaondolewa kwenye vibawa. Je, tukio hili linaivunja sifa yake? Naona linatufundisha kwamba sifa ya kusamehe si mali ya kudumu ya mashine. Ilipatikana kwa uangalizi, nayo ilihitaji kulindwa kwa uangalizi kila mara mtu alipoongeza rangi, chuma au kifuniko. Waliolindwa na marekebisho yale walikuwa vijana wenye saa kumi au ishirini za kuruka, wasioweza kujua kwamba ndege yao imebadilika.

Tukirudi nyuma kidogo, miaka ya 1935 hadi 1939 ndiyo iliyogeuza mbinu hii kuwa wingi. Upanuzi wa jeshi ulipoanza, Wizara ya Anga iliwakabidhi wafanyabiashara raia mafunzo ya mwanzo kwa mkataba. Kampuni zilizokuwa zikiendesha shule za akiba zikaongezewa wanafunzi, mpya zikafunguliwa, na mwaka 1936 likaundwa Jeshi la Akiba la Hiari, ambalo lilimruhusu karani, fundi au msaidizi wa duka la dawa kujifunza kuruka mwishoni mwa juma kwa gharama ya serikali. James Lacey, aliyekuwa akijifunza kazi ya ufamasia Yorkshire, aliingia kwa mlango huo mwaka 1937, akafunzwa Perth nchini Scotland, na mwaka 1940 akawa miongoni mwa marubani wa Uingereza walioangusha ndege nyingi zaidi katika mapigano ya majira yale ya joto. Wapo wengi wa mfano wake, sajini wasiokuwa na majina vitabuni. Jeshi la kudumu peke yake lisingeweza kuwatoa. Ilihitajika ndege ambayo mfanyakazi raia angeweza kuitunza, mwalimu raia angeweza kuiamini, na mwanafunzi wa Jumamosi angeweza kuirudia baada ya siku sita bila kuwa amesahau kila kitu.

Vita vilipoanza, kiwanda cha magari cha Morris huko Cowley kilichukua kazi ya kuijenga na kutoa zaidi ya 3,400. Australia ilijenga zaidi ya 1,000. Kanada ilijenga za kwake zenye paa la kioo na breki, kwa sababu hakuna mtu anayejifunza kitu akiwa ameganda. Jumla ya zote inakaribia 9,000. Mkataba wa Ottawa wa Desemba 1939 uliigeuza Kanada kuwa shule ya anga ya himaya nzima, na zaidi ya watu 131,000 wakahitimu huko kazi mbalimbali za ndani ya ndege. Mei 1940 shule ya Belvedere ilifunguliwa Salisbury, Harare ya leo, na Tiger Moth zikawa sehemu ya anga ya Rhodesia ya Kusini na ya Afrika Kusini, kwa sababu iliyowavutia walimu huko: mawingu machache na umbali kutoka kwa adui.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa ndege hii hulipitia haraka. Ndege inayosamehe kosa haikuwasamehe watu rangi zao. Hadi Oktoba 1939 kanuni za Jeshi la Anga la Uingereza zilitaka anayejiunga awe wa asili halisi ya Ulaya. Kizuizi hicho kiliondolewa kwa muda wa vita, na vijana wa Karibi na Afrika Magharibi wakapita, akiwemo Peter Thomas wa Nigeria, aliyehitimu urubani na kufa kazini Januari 1945. Lakini kwenye viwanja vya Rhodesia na Afrika Kusini, Mwafrika alilinda lango, alifyeka majani na alisukuma ndege, wala hakuketi kiti cha nyuma cha mwanafunzi. Atasema mtu kwamba hilo ni suala la siasa, halihusu historia ya mashine. Mimi naona linaihusu moja kwa moja, kwa kuwa nimedai kwamba mashine hii ni nadharia ya ualimu. Nadharia ya Smith-Barry ilisema kwamba mtu wa kawaida, akiwekwa mbele ya hatari mapema na kwa uangalizi, anaweza kuimudu. Ilithibitishwa kwa makarani wa Yorkshire na wakulima wa Saskatchewan. Waliofunga mlango wa Belvedere hawakuwa na ushahidi wowote kwamba ingeshindwa kwa mtoto wa Mashonaland. Walikuwa na ushahidi wa kinyume, na walikataa nadharia hiyo ijaribiwe.

Kadiri vita vilivyoendelea Tiger Moth iliongezewa kazi nyingine inayothibitisha mahali pake. Kusafirisha kijana kuvuka bahari na kumrudisha kwa kushindwa kulikuwa hasara kubwa, kwa hiyo Uingereza ikaanzisha shule za kupima ambako kila mtahiniwa aliruka saa kumi na mbili hivi kwenye Tiger Moth kabla ya kuamuliwa nani aende ng'ambo kuwa rubani na nani apangiwe kazi nyingine. Ndege iliyokuwa mwalimu ikawa pia mtahini, na iliweza kwa sababu ileile: tofauti kati ya mkono unaojifunza na mkono usiojifunza ilionekana humo upesi.

Mwisho wa utumishi wake nao una ushahidi. Mwaka 1946, kwenye tawi la de Havilland la Kanada, mhandisi wa Kipolandi Wsiewołod Jakimiuk alitoa ndege iliyokusudiwa kuirithi, Chipmunk, na kuanzia 1950 Jeshi la Anga la Uingereza likaanza kuipokea. Bawa la juu lilikuwa limeondoka, pamoja na nguzo na waya, na mwili ukawa wa chuma. Injini ilikuwa Gipsy Major. Viti vilibaki viwili, kimoja nyuma ya kingine, magurudumu hayakukunjwa, na kanyagio za usukani wa mkia ziliendelea kudai miguu inayofikiri. Ilipoingia kazini, jambo lililozua mjadala mkubwa kati ya walimu na wahandisi lilikuwa namna inavyotoka kwenye mporomoko wa mzunguko, na baada ya majaribio Chipmunk nayo ikaongezewa vipande virefu vya bapa mbele ya mkia.